Kuchagua gitaa la umeme lililokwisha kutumika: nianze kukagua wapi?

Mleta mada

Habari zenu wadau. Nimepiga gitaa kavu kwa miaka minne, na sasa nimeweka akiba inayotosha kununua gitaa moja la umeme lililokwisha kutumika pamoja na amplifaya ndogo ya mazoezi. Kila niliyemuuliza amenieleza kwamba kwa fedha ile ile gitaa la mkono wa pili humpa mnunuzi chombo cha daraja la juu kuliko jipya, mradi ajue kukagua. Hapo ndipo ninapokwama.

Mpaka sasa nimeona matatu. La kwanza ni la mtindo wa Telecaster ya kampuni ya Fender, lina pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, limechubuka mwilini, na freti zake za mwanzo, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zina vijishimo. La pili ni la mtindo wa Les Paul na limeandikwa kichwani Gibson, jina la kampuni inayotengeneza Les Paul. Linang'aa kama limetoka kiwandani jana, na bei yake ni ndogo kiasi cha kunitia mashaka. La tatu lina shingo nyembamba, freti 24, na daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini) linaloelea lenye mkono wa kutikisa sauti, la aina ya Floyd Rose. Napenda zaidi kupiga rithimu, ingawa natamani kufika kwenye solo. Sitaficha kwamba moyo wangu umeangukia la pili. Naomba mnieleze nianzie wapi, na hasa mnitenganishie kasoro zinazorekebishika na zile zisizorekebishika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ombi lako la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na wengi huliuliza wakati fedha imekwisha kutoka mfukoni. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa, kwa hiyo nitakujibu kama fundi anayepokea vyombo baada ya wenyewe kuvinunua.

Unaponunua gitaa la umeme lililotumika, unanunua shingo. Pikapu hubadilishwa kwa skrubu chache na chuma cha kulehemu. Swichi, vifundo vya sauti na toni, tundu la jeki, funguo za kukazia nyuzi na hata daraja vyote vinapatikana vipya. Shingo iliyojipinda kama kamba iliyosokotwa haina dawa ya bei nafuu, na mara nyingi haina dawa kabisa. Kwa sababu hiyo mimi huliangalia gitaa kwa mpangilio ambao huwashangaza wauzaji: sichomeki waya wala siombi amplifaya mpaka nimalize na shingo, na rangi huwa naiangalia mwisho, kama nikikumbuka.

Lishike gitaa kwa mwili wake, shingo ielekee mbele, kisha tazama kutoka upande wa daraja kuelekea kichwani kama seremala anavyotazama ubao kuona kama umenyooka. Linganisha mstari wa freti ya mwisho na mstari wa freti ya kwanza. Ikiwa mistari hiyo miwili imelala sambamba, shingo haijajipinda. Ikiwa mmoja umeinuka upande wa uzi mnene na mwingine upande wa uzi mwembamba, rudisha gitaa mahali pake na umshukuru muuzaji. Halafu fuata kingo za ubao wa freti, kila upande peke yake. Shingo nzuri ina mbonyeo mdogo sana kuelekea nyuzi, kwa kuwa uzi unapopigwa huhitaji nafasi ya kutikisika. Mbonyeo ukiwa mkubwa, au shingo ikiwa imerudi nyuma kiasi cha katikati kutuna, usikate tamaa mapema, maana ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyowekwa kwa kusudi hilo. Wazo lenyewe ni la zamani: Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alipata hataza ya fimbo inayorekebishika mwaka 1923. Unachopaswa kujua ni kama fimbo ya gitaa hilo bado inafanya kazi. Omba ruhusa, tumia ufunguo wa saizi sahihi, zungusha robo mzunguko kwa upole, na uone kama shingo inaitikia. Boliti iliyokazwa mpaka mwisho ilhali shingo bado imeinama, au iliyolika kiasi kwamba ufunguo unateleza, ni kasoro nzito. Muuzaji akikataa usiiguse, heshimu kukataa kwake, lakini hesabu hatari hiyo ndani ya bei.

Kuhusu freti zenye vijishimo za lile la kwanza: hilo ni jambo la kawaida, na linanipa hata faraja kidogo, kwa sababu gitaa lililopigwa sana ni gitaa ambalo mtu alipenda kulipiga. Freti mpya huwa na kimo cha takriban milimita 1.0 hadi 1.4 kutegemea aina yake. Vijishimo vifupi chini ya nyuzi nyembamba huondolewa kwa kusawazisha freti zote zifikie kimo kimoja, na freti zenye nyama ya kutosha huvumilia kazi hiyo mara moja au mbili. Zikiwa zimekwisha, kinachobaki ni kung'oa zote na kuweka mpya, na hapo uwe makini sana, kwani kwa gitaa la bei ya chini gharama ya kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya gitaa zima. Ubao wa freti wa mepo (mbao ngumu nyeupe) uliopakwa vanishi huongeza kazi, maana vanishi nayo hulazimika kupakwa upya.

Jambo la mwisho kwa leo ni maungio. Shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, kama ilivyo desturi ya Telecaster na ya Stratocaster, gitaa jingine la Fender, humsamehe mnunuzi wa mkono wa pili: inaweza kufunguliwa, kuwekewa kipande chembamba ili kubadili pembe yake, au kubadilishwa yote. Iliyogandishwa kwa gundi haina huruma hiyo.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na fundi, nami naongeza ushahidi wa mtu aliyeumia. Gitaa langu la kwanza la umeme nililinunua usiku, sebuleni kwa muuzaji, amplifaya ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa yenye kukwaruza kwa makusudi. Lilikuwa na rangi nyekundu iliyozama kama divai, na nililitazama zaidi kuliko nilivyolisikiliza. Asubuhi nilipolipiga bila kuchomeka waya, kila nota juu ya freti ya 14 kwenye uzi mwembamba ilikufa nikijaribu kuuvuta uzi. Shingo ilikuwa imejipinda, na ile sauti nene ya usiku ilikuwa imeificha kasoro yote. Nililia kwa uchungu wa akiba ya mwaka mzima.

Kwa hiyo, mleta mada, lipige kavu kwanza, mahali patulivu. Anza na uzi mnene kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho, nota moja baada ya nyingine, bila haraka, kisha fanya hivyo kwa kila uzi. Magitaa yaliyo mengi yana freti 21, 22 au 24, hivyo utapiga zaidi ya nota 120. Ni dakika kumi zinazostahili. Halafu vuta nyuzi tatu nyembamba kwa kiasi cha toni nzima kwenye freti za 12 hadi 17, mahali ambapo solo nyingi huishi. Fahamu pia kwamba ubao wa freti una mviringo, na mviringo huo hutofautiana. Telecaster na Stratocaster za mtindo wa zamani zina nusukipenyo cha inchi 7.25, ambacho hukaa vizuri mkononi unaposhika nota nyingi kwa pamoja lakini huweza kuua nota inayovutwa sana kama nyuzi zimeshushwa chini. Fender nyingi za siku hizi zina inchi 9.5, na Gibson kwa kawaida inchi 12. Nota kufa kwenye ubao wenye mviringo mkali si lazima iwe kasoro ya shingo, huenda nyuzi zinahitaji kuinuliwa kidogo tu. Laiti ningelijua hilo mapema ningelitofautisha mambo mawili haya.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nizungumzie lile lenye jina la Gibson, kwa sababu ndilo linalokuvuta na ndilo linaloweza kukudhulumu.

Les Paul za Gibson zinaigwa kwa wingi, jina likiwa limebandikwa bila haki. Tazama kichwani, pale kwenye kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kinachofunika boliti ya fimbo ya shingo: cha Gibson hushikiliwa na skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Geuza gitaa utazame nyuma ya kichwa chini ya mwanga mkali. Gibson huchonga shingo na kichwa kwa pamoja, halafu huongeza vibawa vidogo vya mbao pembeni ili kichwa kipate upana. Bandia nyingi, na pia chapa halali za bei nafuu, huunganisha kichwa kwa kiungo cha mshazari, na mara nyingi mstari wa kiungo hicho huonekana ukikata shingo karibu na kichwa. Kiungo hicho chenyewe ni imara na si aibu kwa gitaa lolote, lakini kwenye gitaa linalojiita Gibson ni shahidi dhidi ya muuzaji.

Usitulizwe na namba iliyo nyuma ya kichwa. Kuanzia mwaka 1977 Gibson ilitumia namba ya tarakimu 8 ambamo tarakimu ya kwanza na ya tano hutaja mwaka, na ya pili hadi ya nne hutaja siku katika mwaka. Namba inayoanza 91628, kwa mfano, ni ya siku ya 162 ya mwaka 1998, yaani tarehe 11 Juni. Kwa namba ya mfumo huo, ukiona tarakimu za siku zimezidi 366 una sababu nzito ya kutilia shaka. Zikilingana bado hujapata jibu, kwa kuwa mwigaji hunakili namba ya gitaa halisi bila shida yoyote.

Hata likiwa halali, kagua shingo inapokutana na kichwa. Kichwa cha Les Paul kwa kawaida kimeinama nyuma kwa pembe ya digrii 17, na mahali hapo mbao ni nyembamba na pia imetobolewa kupisha boliti ya fimbo; gitaa likianguka chali ndani ya kasha lake, nguvu yote huishia hapo. Pitisha ukucha polepole kutafuta mstari, na utazame kama rangi ya eneo hilo inafanana na sehemu nyingine. Mpasuko ulioshonwa vizuri kwa gundi mara nyingi hudumu, na wapo wanaotafuta magitaa hayo kwa makusudi kwa kuwa bei yake hushuka sana. Kinachochukiza ni mpasuko uliofichwa.

Mleta mada

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba moyo wangu umeanza kuhama. Nitarudi kuyaona yote matatu mwisho wa wiki. Sina vifaa vya kifundi. Je, kuna njia ya kupima mbonyeo wa shingo na kimo cha nyuzi bila kununua vipimo?

Mchangiaji wa kwanza

Ipo, na nimeitumia mwenyewe kabla sijamiliki kipimo hata kimoja. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, kadi mbili za plastiki za saizi ya kadi ya benki, na rula yenye milimita. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, na kadi ya plastiki ya kiwango cha kimataifa ina milimita 0.76. Ukiwa na hivyo viwili umeshapata vipimo vinavyokutosha.

Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ambapo shingo inakutana na mwili kwa mkono mwingine. Mwenzako akusaidie kama mikono haitoshi. Uzi uliokazwa hivyo ni rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Zikipita karatasi mbili au tatu zilizopangwa pamoja bila kusukuma uzi, una milimita 0.2 hadi 0.3, na shingo iko pazuri. Uzi ukilala juu ya freti bila nafasi yoyote, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Ikipita kadi nzima, imeinama sana, na hapo ndipo fimbo inapopaswa kuthibitishwa.

Kimo cha nyuzi hupimwa freti ya 12, bila kubonyeza popote. Kadi mbili kwa pamoja ni kama milimita 1.5, zikipita kwa kugusa tu chini ya uzi mwembamba, na chini ya uzi mnene pakabaki nafasi kidogo zaidi, gitaa limepangwa vizuri. Kimo kikubwa peke yake hakinitishi, kwa sababu daraja linashuka. Kinachonitisha ni kukuta daraja limekwisha kushushwa mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu: hapo pembe ya shingo yenyewe ina tatizo, na kwa shingo ya gundi hilo ni gumu.

Kwa freti, kata ukanda mwembamba kutoka kadi ya zamani isiyotumika, uulaze kwenye ubao kando ya freti iliyolika zaidi, utazame kwenye sakafu ya kijishimo. Freti ikiwa bado imeizidi kadi, ina maisha ya kusawazishwa. Ikiwa sawa na kadi au chini yake, hesabu kwamba utaweka mpya.

Usisahau kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwanzo wa ubao, ambacho wapigaji huita nati. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1: panatakiwa nafasi ndogo sana, kiasi cha unywele au mbili. Uzi ukigusa freti kabisa, mfereji wake umechimbika na nati itabadilishwa, kazi ambayo si kubwa. Watu hulaumu funguo za kukazia gitaa linapopoteza sauti, ilhali mara nyingi uzi umenasa kwenye mfereji wa nati. Ukisikia mlio mkavu wa ghafla unapokaza, tatizo liko hapo.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mtu wa umeme, nami naomba upande wangu usidharauliwe, kwa sababu mnunuzi mwenye multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, huokoa fedha nyingi.

Chomeka waya wa gitaa, fungua kifundo cha sauti mpaka mwisho, weka multimita kwenye kipimo cha kiloomu, kisha gusa ncha ya jeki na shina lake. Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kiloomu 5.5 na 7 au kuzidi kidogo. Yenye koili mbili, ile iliyobuniwa na Seth Lover katikati ya miaka ya 1950 ili kuua mvumo, husoma takriban 7 hadi 9, na zile zenye nguvu kubwa hufika 13 hadi 16. Badilisha swichi kila nafasi na uandike namba. Ukisoma karibu 250 au 500, usidhani umepata pikapu ya ajabu: hapo unapima kifundo cha sauti peke yake, na maana yake ni kwamba koili imekatika au waya wake umeachia. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 hazipimwi hivyo.

Kisha washa amplifaya kwa sauti safi. Gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi ya chuma usikie mlio. Zungusha vifundo, mkwaruzo wa vumbi huondoka kwa dawa ya kusafishia miguso ya umeme, kwa hiyo usiuogope, lakini utaje unapozungumza bei. Koili moja huvuma, ni tabia yake. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi wa daraja uko salama. Ukibaki vile vile, huenda waya huo umekatika.

Mleta mada, fundi amesema ununue shingo. Mimi naheshimu hilo, ila gitaa ambalo halikusisimui linapochomekwa hutalipiga, hata shingo yake iwe imenyooka kama rula.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu wa umeme, hapo ndipo tunapoachana kidogo. Pikapu isiyomsisimua itabadilishwa mwakani akiwa na fedha na masikio yaliyokomaa. Kwa sasa masikio yake ni ya gitaa kavu na hajajua bado anachokitafuta. Shingo mbovu itamfanya adhani kwamba vidole vyake ndivyo vibovu, na nimeona watu wakiacha kupiga gitaa kwa dhana hiyo. Jambo hilo huniuma kila ninapokutana nalo, kwa sababu kosa halikuwa lao.

Mchangiaji wa tano

Kuhusu la tatu lenye daraja la Floyd Rose: ni uvumbuzi mkubwa wa miaka ya 1970, na anayelihitaji hulihitaji kwelikweli, lakini kwako ninakushauri uliache. Daraja hilo huegemea nguzo mbili kwa makali kama ya kisu, na makali hayo yakilika halirudi tena mahali pake. Jaribio lake ni hili: patanisha nyuzi, sukuma mkono mpaka nyuzi zilegee, achia, sikiliza, kisha vuta mkono juu, achia, sikiliza tena. Sauti zikitofautiana kati ya mara ya kwanza na ya pili, makali yamekwisha, au nguzo zimelegea kwenye mbao. Zaidi ya hapo, ukibadili unene wa nyuzi utalazimika kusawazisha upya springi za nyuma, na mtu anayetaka kukuza rithimu yake hapaswi kutumia jioni zake kwa kazi hiyo.

Nawasihi pia wasomaji wengine wasisukumwe na umri wa gitaa. Ni kweli kwamba Stratocaster za kabla ya Leo Fender kuiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965 zinatafutwa sana, lakini hizo ni za wakusanyaji. Kwa mtu anayetaka kupiga, Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender iliyoanza kutengeneza magitaa mwaka 1982, au Yamaha Pacifica, ambayo ipo tangu mwaka 1990, iliyotunzwa vizuri, itamfikisha mbali.

Mleta mada

Nimerudi. Nilikwenda mchana, nikiwa na karatasi, kadi, rula, multimita ya kuazima na rafiki mmoja mvumilivu.

La Les Paul lina skrubu tatu kwenye kifuniko, na mstari wa kiungo nyuma ya kichwa unaonekana wazi hata kwa macho yangu. Nilimwambia muuzaji kwa adabu nilichokiona, naye akabadilisha mazungumzo. Nikaaga. La tatu lilirudi sauti mbili tofauti nilipofanya lile jaribio la mkono.

La mtindo wa Telecaster: mistari ya freti iko sambamba, karatasi mbili zinapita freti ya 8, tatu zinasukuma uzi, kadi mbili zinapita freti ya 12. Kutoka kwenye nati hadi freti ya 12 nilipata milimita 324, ambazo zikizidishwa mara mbili zinatoa 648, urefu wa Telecaster. Muuzaji mwenyewe alinipa ufunguo, na boliti ilizunguka laini. Vijishimo viko kwenye freti tatu za mwanzo, na ukanda wa kadi bado uko chini ya sakafu zake. Hakuna nota iliyokufa. Kinachonisumbua ni umeme: pikapu ya daraja inasoma 6.8, nafasi ya katikati, inayopaswa kuunganisha pikapu zote mbili, inasoma 6.8 vile vile, na nafasi ya pikapu ya shingo inasoma 248. Amplifaya nayo iko kimya kwenye nafasi hiyo. Muuzaji alisema hakuwahi kuitumia. Je, niache?

Mchangiaji wa nne

Usiache. Namba zako zinasimulia kila kitu: pikapu ya shingo haijaunganika na mzunguko, ndiyo maana katikati unasoma ya daraja peke yake. Ama koili imekatika, ama waya umeachia kwenye swichi, na la pili hutokea mara nyingi zaidi. Mwombe muuzaji afungue lile bati la vifundo, lina skrubu mbili tu, mtazame pamoja. Zungumza bei kana kwamba pikapu imekufa, na ukikuta ni waya, umepata.

Mchangiaji wa kwanza

Naunga mkono. Freti hizo usizisawazishe sasa. Weka nyuzi mpya za 10 hadi 46 (unene wa inchi 0.010 hadi 0.046) na upige angalau miezi sita. Shingo yenye vipimo hivyo ningeinunua mimi mwenyewe.

Mleta mada

Nimelinunua. Muuzaji alikubali kupunguza thamani ya pikapu moja, na hakutaka kufungua bati kwa hofu ya kuharibu zaidi, nami nikaridhika. Nyumbani nilitoa zile skrubu mbili, na waya mmoja mweusi na mwingine mweupe ilikuwa inaning'inia kando ya swichi, ncha zake zikiwa na mabaki ya risasi ya kulehemu yaliyopasuka. Jirani yangu mwenye chuma cha kulehemu aliirudisha. Sasa pikapu ya shingo inasoma 7.3, ya daraja 6.8, na katikati 3.5.